SAFARI YA KUAGA: MARADHI NAYO HUPANDA NDEGE

Na Tabibu wa safu hii, Musoma



Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumzie safari ambayo mtu huifanya mara moja au mbili tu katika umri wake, nayo ni safari ya kuaga. Mtu amepata kazi, masomo au uhamisho wa kwenda kuishi nje ya nchi yeye na watu wake. Pasi ziko tayari, tarehe ya ndege imeshajulikana, amebakiwa na wiki mbili. Basi huipakia familia yake kwenye gari, akaenda kwao kuwaona wazee, kuzuru makaburi na kuomba radhi. Ni jambo jema, na kuunga udugu ni katika mafundisho makubwa ya dini yetu, kwa hiyo asije mtu akadhani nimeandika kumkataza. Ninachotaka kusema ni kwamba siku hizo chache za mwisho ndizo zinazoamua ni maradhi gani familia itaondoka nayo. Na maradhi mengi hayabishi hodi siku ile ile yanapoingia. Hukaa kimya, yakavuka mpaka pamoja nanyi, yakajitokeza mahali ambapo daktari hayajui.

Nitawaeleza habari ya familia moja, kwa idhini yao, bila majina. Baba ni askari wa Jeshi la Wananchi. Tulisoma naye chuo cha Qur'ani hapa Musoma tukiwa wadogo, kisha yeye akaenda jeshini na mimi nikaenda kusomea utabibu. Hadi leo yeye huniita "Ustadh" na mimi humwita "Afande", na kila mmoja anajua ni utani. Askari wengi wa kwetu wanaotumwa nje huenda kulinda amani. Wamekwenda Darfur, wamekwenda Lebanoni, wamekwenda Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na huko mke na watoto hawaendi. Huyu alijaaliwa uhamisho wa kikazi wa miaka mitatu unaomruhusu kuondoka na familia, kwenda nchi moja ya Ulaya. Sitaitaja, kwa sababu mambo ya kazi ya askari si ya kutangaza gazetini.

Familia ilikuwa ikiishi mkoani Arusha, kwenye baridi. Wana watoto watatu, mkubwa wa kiume ana miaka 12, wa pili ni binti wa miaka 9, na wa mwisho ana miaka mitatu. Wakaja kwa gari lao wenyewe kupitia Ngorongoro na Serengeti, wakatokea lango la Ndabaka na kuingia Bunda, nyumbani kwa wazazi wa mke. Hapo walilala siku tatu. Kisha wakaenda Butiama, kwao mume, nako siku tatu. Mwisho wakaja Musoma mjini kwa dada yake mume anayeishi karibu na ziwa. Asubuhi ya pili ya Musoma Afande akanijia zahanati.

"Ustadh," akasema, "nipe dawa ya kichocho ya watoto niwanyweshe kabisa. Jana wameoga ziwani, na keshokutwa tunarudi Arusha tukapande ndege."

Nikamuuliza kama walishapimwa afya kwa ajili ya uhamisho. Akajibu kwa kujiamini, "Wote! Damu, mkojo, choo, kifua. Karatasi zimeshagongwa muhuri wiki mbili zilizopita. Sisi ni wazima."

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Kipimo husema kilichokuwemo mwilini siku ile ya kipimo. Hakisemi lolote juu ya mbu aliyekuuma Bunda siku kumi baadaye, wala maziwa uliyokunywa Butiama, wala maji uliyoingia Musoma. Na familia hii, kama zilivyo nyingi, ilipimwa kwanza kisha ikafunga safari.

HABARI YA HAITI

Wapo watakaosema natia chumvi. Basi tutazame jambo lililowapata askari wengine, mbali na hapa. Mwaka 2010 nchi ya Haiti ilipigwa na tetemeko la ardhi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kikosi kipya cha walinda amani kutoka Nepali kilifika huko chini ya Umoja wa Mataifa. Askari hao walikuwa wamemaliza mafunzo mjini Kathmandu, wakapimwa afya, kisha wakapewa takriban siku kumi za kwenda kuziona familia zao kabla ya kuondoka. Yaani walifanya kama alivyofanya Afande wetu, wakapimwa halafu wakaenda kuaga. Na msimu huo kipindupindu kilikuwepo Nepali.

Walipofika Haiti kambi yao ilikuwa karibu na mji wa Mirebalais, kando ya kijito kinachopeleka maji yake mto Artibonite, ambao maelfu ya watu wanautumia kwa kunywa, kufulia na kumwagilia. Uchafu wa vyoo vya kambi haukutunzwa inavyotakiwa, ukaingia kwenye maji. Nchi hiyo ilikuwa haijapata kurekodi mlipuko wa kipindupindu kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika miaka iliyofuata waliugua watu zaidi ya 800,000 na wakafariki karibu 10,000. Mwezi wa Desemba 2016 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, Ban Ki-moon, aliomba radhi hadharani kwa watu wa Haiti.

Mimi siwalaumu wale askari. Watu wengi wanaoingiwa na vijidudu vya kipindupindu hawaharishi kabisa, au huharisha kidogo tu wakadhani ni chakula kimewakataa, na huku choo chao kina vijidudu. Aliyebeba hakujijua. Na sisi tusijione tuko mbali na jambo hilo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini kwetu mwezi wa Agosti 2015 uliendelea kwa miaka kadhaa, na mkoa wetu wa Mara haukusalimika.

Waliosoma sira wanakumbuka kuwa askari na maradhi ya safarini ni habari ya zamani. Zama za tauni ya Amwas, karibu mwaka wa 18 Hijria (639 Miladia), Sayyidna Umar (RA) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh alipokewa na makamanda wa jeshi, akiwemo Abu Ubayda bin al-Jarrah (RA), wakamweleza kuwa tauni imeingia. Umar aliwataka shauri Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Kikureshi, na mwisho akaamua kurudi Madina na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kwa maana ya kwamba anatoka kwenye kadari na kuiendea kadari. Baadaye Abdulrahman bin Auf (RA) akawasimulia aliyoyasikia kwa Mtume (SAW), kwamba tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na mkiwa ndani yake msitoke kuikimbia. Zingatia kuwa Umar aliuliza kwanza hali ya huko mbele, akashauriana, ndipo akaamua. Sisi tunafunga safari ya kijijini bila hata kupiga simu kuuliza kama kuna watu wanaoharisha.

TURUDI KWA AFANDE

Nilimwambia aniletee mkewe na watoto wote, na waje na daftari. Wakaja. Tukakaa chini ya mwembe wa zahanati, shemeji akashika kalamu, tukaihesabu safari siku moja moja. Tuliandika tarehe, mahali walipolala, na lililotokea. Nawaambieni ukweli, sikutegemea kupata mengi kiasi kile.

Siku ya kwanza, Serengeti. Binti akasema, "Baba mdogo, mama aliumwa na mainzi makubwa ndani ya gari, akalia." Mama yake akacheka, lakini akavuta mkono wa buibui akanionyesha alama mbili. Hao si mainzi, ni mbung'o. Mbung'o hulifuata gari linalokwenda, na hupenda rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Ndiyo maana ndani ya hifadhi utaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa kando ya barabara. Ni mitego yao, imetiwa dawa. Sasa shemeji alikuwa amevaa buibui jeusi, vioo vya gari viko wazi kwa ajili ya joto. Stara haina sharti la rangi nyeusi. Anayepita mbugani avae stara ya rangi ya udongo au ya maziwa, nguo iwe nzito kidogo, na vioo vifungwe kwenye maeneo yenye vichaka. Dawa za kupaka za kufukuzia mbu hazimzuii sana mbung'o.

Mbung'o wengi wanaouma hawana ugonjwa, na malale siku hizi si mengi. Lakini yapo. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliotembelea hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwemo, walirudi kwao wakiwa na malale. Malale ya upande wetu huanza upesi, kwa kawaida wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa. Huanza kwa homa na kichwa kuuma, na mara nyingi pale palipoumwa panavimba kama jipu gumu. Yasipotibiwa huingia ubongoni na kuua. Nilimwambia shemeji azitazame zile alama kila siku, na pakivimba asipake mafuta akangoja.

Siku ya pili hadi ya nne, Bunda. Hapa niliuliza swali moja tu, nani alilala ndani ya chandarua. Jibu lilikuwa kama nilivyodhani. Wageni walikuwa wengi, watu wametoka mpaka Kibara kuja kuaga. Vyandarua vya nyumba ni vya wenye nyumba. Wazee walilala navyo, na watoto wote wakatandikiwa mkeka ukumbini. Yule mdogo wa miaka mitatu alikuwa amejaa vipele vya mbu miguuni.

Hapa naomba nikae kidogo, maana malaria huua haraka. Mkoa wa Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini. Mtoto aliyekulia huko hana ukinzani walio nao watoto wa Bunda. Anapokuja kwa babu yake yuko karibu sawa na mgeni kutoka Ulaya, ijapokuwa jina lake na lugha yake ni ya hapa hapa. Vijidudu vya malaria vikishaingia huchukua angalau siku saba ndipo homa itoke, na mara nyingi wiki mbili au zaidi, hata mwezi. Kwa hiyo mtoto aliyeumwa Bunda huweza kucheza vizuri Butiama, akala samaki Musoma, akapanda ndege mzima, na homa ikamkuta mahali ambapo nje kuna theluji na daktari anafikiria mafua.

Mgeni achukue chandarua chake mwenyewe. Kikikunjwa hakizidi ukubwa wa mkate. Wala si kumdharau mwenyeji. Mwambie bibi, "Mama, nimekuja na chandarua ili nisiwapunguzie chenu," naye ataona umemheshimu.

Siku ya tano hadi ya saba, Butiama. Wageni wengi wakifika huko huenda Mwitongo kulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere na kuona makumbusho, na wao walikwenda. Mambo ya hapo yalikuwa mazuri, ila kulikuwa na maziwa. Babu wa ukoo, mzee wa miaka themanini na kitu, alikama mwenyewe, akamjazia mjukuu wake wa kike kikombe na kumwambia anywe ayakumbuke maziwa ya kwao. Binti akanywa, tena siku zote tatu. Hayakuchemshwa.

Ndugu msomaji, nani atamkatalia babu? Nami nisingeweza kwa ukavu. Lakini maziwa mabichi ya ng'ombe, ya mbuzi na hata yale ya mgando yaliyogandishwa bila kuchemshwa, hubeba bruselosisi. Ni ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, na mfugaji akiona ng'ombe wake wametupa mimba anatakiwa ashituke. Kwa binadamu huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usioisha. Huanza wiki mbili hadi nne baada ya kunywa, wakati mwingine miezi. Hapa kwetu watu hutibiwa malaria na taifodi mara tano kabla ya mtu kuuliza juu ya maziwa. Sasa fikiria huko ughaibuni, ambako maziwa yote ni ya pakiti na hakuna wa kuuliza.

Shemeji aliniuliza angefanyaje. Nikamwambia angepokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akasema, "Babu, haya nayatia kwenye chai tunywe wote pamoja nawe." Chai inachemka, babu hajavunjika moyo. Wanawake wa nyumba wanajua namna ya kulisema hilo kuliko sisi wanaume.

Siku ya nane, Musoma. Watoto wawili wakubwa walikwenda ziwani na binamu zao saa tano asubuhi, wakakaa majini hadi adhuhuri. Na baba yao naye, Mungu amsamehe, alitawadha kwenye maji hayo hayo ya ukingoni, akasimama ndani hadi magotini, kisha akaswali juu ya jiwe.

KICHOCHO, NA KWA NINI SIKUTOA DAWA

Kichocho huletwa na minyoo. Mayai yake hutoka kwa choo au mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu vyake vikaingia ndani ya konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ukingoni. Humo huzaliana, kisha hutoka kwa maelfu, na hutoka zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia mida ya saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Huipenya ngozi nzima isiyo na jeraha, tena ndani ya dakika chache. Mdaktari wa Kijerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo hawa Cairo mwaka 1851, lakini siri ya konokono wa Misri ilikuja kufahamika mwaka 1915, pale jeshi la Uingereza lilipomtuma mtaalamu Robert Leiper kwa kuwa lilihofia askari wake. Kwa hiyo Afande si askari wa kwanza kuingia maji ya namna hiyo.

Kando ya ziwa letu kinachoonekana zaidi ni kichocho cha tumbo, kinachojeruhi utumbo na ini. Ndani kidogo, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, kuna kile cha kibofu, kinachotoa mkojo wa damu. Aidha niwatoe hofu wanaouliza kila siku kuwa kula sato au sangara hakuambukizi kichocho. Kinachoambukiza ni ngozi kugusa maji.

Sasa, kwa nini nilimnyima Afande dawa? Dawa tunayotumia, prazikwanteli, ni nzuri na salama, lakini huua minyoo iliyokomaa. Wale wachanga walioingia jana haiwaui ipasavyo. Ningewapa vidonge siku ile wangeondoka wakiamini wamepona, na baada ya miezi miwili minyoo ingekuwa imekomaa ndani ya maini yao bila mtu kuitafuta. Wangekuwa na amani ya uongo. Dawa hii hutolewa wiki sita hadi nane, na vipimo hufanywa kama miezi mitatu, tangu siku ya mwisho ya kugusa maji. Kuna wanaopata homa, kikohozi na vipele kabla ya hapo, katika wiki ya pili hadi ya nane, ambayo ni hasira ya mwili dhidi ya minyoo wachanga. Huyo asingoje miezi mitatu, aende hospitali siku hiyo.

Na wudhu? Afande aliniuliza kama ni bora atayamamu. Nikamwambia mimi kama tabibu siwezi kumpa udhuru wa kutayamamu huku bomba la maji liko nyumbani kwa dada yake. Tayamamu ina masharti yake, na kuogopa madhara ya maji ni mojawapo, lakini kwanza mtu atafute maji yasiyo na madhara. Maji ya ziwa yakichotwa na kuwekwa kwenye dumu siku mbili bila konokono ndani, vijidudu vile hufa. Yakichemshwa hufa papo hapo. Msafiri awe na dumu lake la wudhu ndani ya gari kama alivyo na gurudumu la akiba. Litamfaa pia kwenye vyoo vya stendi, ambako kopo lipo lakini maji na sabuni hakuna.

Tukumbuke pia kwamba Mtume (SAW) alikataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama, na akakataza kujisaidia kwenye sehemu za maji, njiani na kwenye vivuli vya watu. Kama wakazi wote wa kandokando ya ziwa wangelishika hilo tu, mayai ya kichocho yasingelifikia konokono hata mmoja. Tunayasoma katika mlango wa twahara, halafu tunatoka darasani kwenda nyuma ya mawe ya ufukweni.

YALIYOBAKI

Yapo mambo mengine nitayapita haraka. Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, huulizwa na nchi nyingi kwa wanaotoka Afrika. Chanjo ipigwe siku 10 kabla ya kuondoka, kwani kabla ya hapo cheti hakijaanza kufanya kazi, na tangu Julai 2016 cheti kimoja hutosha maisha. Mahujaji wetu wanaujua utaratibu huu kwa chanjo yao ya homa ya uti wa mgongo. Mikanda ya gari ifungwe, watoto wakae nyuma, na dereva asiendeshe usiku kwa ajili ya kuwahi. Kupunguza na kukusanya swala ni rukhsa iliyowekwa kwa ajili ya wepesi, hivyo hakuna haja ya kukimbiza gari kuiwahi adhuhuri ya Musoma ukiwa Lamadi. Taratibu za siku ngapi muulizeni ustadhi wa msikiti wenu.

Lile daftari tukalimaliza. Nikalinakili kwa Kiingereza kwenye karatasi moja, tarehe upande wa kushoto na jambo upande wa kulia, kisha chini nikaandika mambo ya kupimwa. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu, damu ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na isipoonekana irudiwe. Mama mwenye alama za mbung'o, akipata homa au uvimbe, damu itazamwe malale. Binti, homa ya muda mrefu, afikiriwe bruselosisi. Baba na watoto wawili wakubwa, kichocho kipimwe mwezi wa tatu. Nikamwambia shemeji karatasi hii ikae kwenye mkoba wa pasi, isiingie sandukuni. Na akifika kwa daktari neno la kwanza liwe, "Tumetoka Tanzania, tulilala sehemu yenye malaria," hata kama hajaulizwa. Baadhi ya watu wetu huona aibu kusema hivyo ugenini, wakidhani watadharauliwa.

Nikawaambia jambo la mwisho, nalo ni la miaka ijayo. Watakaporudi likizo baada ya mwaka au miwili, hata wao watu wazima watakuwa wamepoteza sehemu kubwa ya ukinzani wao. Wamwone daktari huko kabla ya kuja, wapewe vidonge vya kujikinga na malaria, wavinywe kama wanavyovinywa wazungu. Afande akacheka. "Ninywe dawa ya malaria kuja kwa mama yangu?" Ndiyo, Afande.

Waliondoka Musoma siku ya kumi. Siku ya kumi na tano wakapanda ndege.

Siku ya kumi na nane, yaani siku ya tatu huko ugenini, yule mdogo akachemka usiku. Asubuhi wakampeleka kliniki. Muuguzi akatazama koo, akasema ni mafua, watoto wote wa mtaa wanayo, akaandika dawa ya homa na kuwataka warudi baada ya siku tatu. Shemeji hakuinuka kwenye kiti. Kiingereza chake si kingi, lakini alitoa ile karatasi mkobani akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa Bunda. Muuguzi akasoma, akaenda kumwita daktari. Damu ikachukuliwa, na kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa kwenye gari la wagonjwa akipelekwa hospitali kubwa. Ilikuwa malaria, na vijidudu vilikuwa vingi. Alilazwa siku nne. Alhamdulillah, sasa anacheza.

Afande alinipigia simu usiku wa kutoka hospitali. Hakuniita Ustadh siku hiyo. Kovu za shemeji zimepotea bila uvimbe. Binti hajapata homa mpaka ninapoandika, lakini bado tunahesabu. Kipimo cha kichocho cha yeye binti, kaka yake na baba yao kimewekewa tarehe mwishoni mwa mwezi ujao.